Nguvu ya Kwenda na Nguvu ya Kusimama

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kukuta katika kurasa hizi habari za gari, tena gari la mbio. Niwie radhi. Mimi si fundi wala si mtu wa mashindano. Ni karani wa kawaida katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nakaa Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, na kila siku ya kazi huvuka feri mara mbili, asubuhi kwenda kisiwani Mombasa na jioni kurudi. Nitakayokusimulia yalinipata mwenyewe, na niliyaficha kwa muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Mwaka 2014 nilinunua Toyota Altezza, ile iitwayo RS200. Lilikuwa limetumika Japani, kisha likatumika hapa kwetu na mwenyewe wa kwanza, ndipo likanifikia mimi. Magari haya yalitengenezwa tangu mwaka 1998 hadi 2005 tu, kwa hiyo hata hilo nililolinunua halikuwa changa. Asiyelijua akiliona atadhani ni gari la milango minne kama mengine ya kupelekea watoto shule. Lakini injini yake ya lita mbili ina nguvu za farasi 210, gia zake ni sita za kubadilisha kwa mkono, na magurudumu yanayolisukuma ni ya nyuma, si ya mbele kama magari mengi ya siku hizi. Hata saa za mwendo mbele ya dereva zimepangwa kwa mfano wa saa ya mkono ya kitajiri, duara kubwa lenye viduara vidogo ndani yake. Waliolitengeneza walizijua vyema nafsi za watu kama mimi.

Injini ile ina tabia yake. Ikiwa chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika ni pole kabisa, hata mgeni akasema, "Ndiyo hili linalosifiwa?" Ikipita 6,000 sauti hubadilika, na nguvu zake zote hazitimii mpaka ifikapo mizunguko 7,600. Maana yake ni kwamba mwenye kuionja ladha yake lazima aikamue. Na wapi mtu ataikamua baina ya Mtongwe na bandarini? Mjini sheria ni kilomita 50 kwa saa, na foleni ya feri hata hizo 50 haikupi. Gia ya sita nilikuwa nikiweza kumaliza mwezi mzima bila kuigusa.

Watu waliniuliza kwa nini sikununua otomatiki, niupumzishe mguu wa kushoto. Jawabu langu ni lile lile hata leo. Katika gari la gia za mkono, mguu wa kushoto una kazi, mkono una kazi, na sikio lina kazi kuliko vyote, kwani gari lenyewe hukwambia wakati wa kupanda gia na wakati wa kushuka. Dereva hawezi kuwa mgeni ndani ya gari lake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, na ni kweli. Lakini sikio langu wakati ule lilikuwa likisikiliza jambo jingine.

Lilikuwa likisikiliza sifa. Nilitoa bomba la moshi la asili nikatia jingine pana, la kunguruma, kwa shilingi 45,000. Nikatia na rimu pana zinazong'aa. Nikitoka nyumbani asubuhi mtaa wote ulijua kuwa nimetoka, na wagonjwa na wazee na watoto wachanga walijua pia, ingawa hao sikuwafikiria. Vijana wa barazani waliacha kuniita kwa jina langu, wakawa wananiita "Altezza". Nami, sikufichi, nilipenda.

Wakati huo huo breki yangu ya mkono ilikuwa imelegea.

Ngoja nikueleze kidogo, maana hapa ndipo penye kisa chote. Katika gari hili breki ya mguu hubana sahani za chuma kwenye magurudumu yote manne. Breki ya mkono ni kitu mbali. Ndani ya kila sahani ya nyuma mna kijungu kidogo, na ndani yake mna viatu viwili vidogo vya breki vinavyopanuliwa na waya utokao kwenye mkono ule ulio baina ya viti viwili vya mbele. Viatu vile haviliki upesi, kwa kuwa kazi yake ni kulishika gari lililokwisha simama. Lakini waya hunyooka, na sisi tunaokaa karibu na bahari, tunaopita kila siku pale feri inapotua na maji ya chumvi yakaruka, vyuma vyetu hushika kutu upesi. Breki ikiwa nzima, ukiivuta husikia tak, tak, tak, na ufikapo mlio wa sita au wa saba gari limeshikwa. Yangu ilifika kumi na nne, na gari likiwa mteremkoni bado hujongea.

Nilijua. Niliijua hali ile kwa miezi mitatu. Kila nilipojiambia nitakwenda kwa fundi, palitokea kitu kingine cha kununua.

Basi nikajizoesha hila ambayo madereva wengi wa gia waijua. Nikiwa katika foleni kwenye mwinuko, badala ya kuvuta breki ya mkono nililishikilia gari kwa klachi, klachi nusu na moto nusu, likae halendi mbele wala halirudi nyuma. Mwenye kuona hudhani ni ufundi. Kumbe ndani yake sahani ya klachi inasuguana na gurudumu la injini bila kushikana nalo, na kila dakika ya msuguano ule ni miezi inayokatwa katika umri wake. Mara mbili kwa siku nilifanya hivyo.

Jioni moja ya Ramadhani, mwaka 2018, nilikuwa narudi na mama yangu, niliyempeleka kisiwani kutazamwa macho. Alikaa mbele, na binti yangu wa miaka sita nyuma. Kama ujuavyo, saa ile watu wote wanataka wafike kwao kabla ya adhana. Feri ilitua upande wa Likoni, magari yakaanza kutoka, nami nikapanda ule mwinuko wa kutokea. Katikati yake gari la mbele likasimama. Nikasimama. Nyuma yangu akaja hamali na mkokoteni wa magunia ya vitunguu, yumkini kutoka Marikiti. Wajua namna mkokoteni unavyokwenda: mtu hutangulia mbele, mzigo humfuata. Kwa hiyo yule hamali alikuwa amesimama baina ya bampa yangu na magunia yake.

Foleni ikasogea. Nikatoa mguu kwenye breki, nikaachia klachi, nikakanyaga moto. Injini ikanguruma kwa ile sauti yangu ya shilingi 45,000, watu wote wakageuka kutazama, na gari halikwenda. Sahani ya klachi ilikuwa imekwisha. Ilizunguka bila kushika. Harufu ya kuungua ikajaa ndani, na gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono mpaka juu kabisa, haikushika kitu. Nikasikia sauti ya mtu akipiga kelele, "Simama, bwana! Utaniua!" Nikaukandamiza mguu kwenye breki kwa nguvu zangu zote. Gari likasimama.

Lilikuwa limerudi hatua moja, labda moja na nusu. Nilipotazama kiooni nilimwona yule hamali ameegemea magunia, kifua chake nyuma na bampa yangu mbele, imegusa magoti yake. Mkokoteni usingeweza kurudi, kwa sababu nyuma yake palikuwa na tuktuk. Lau ingeongezeka hatua moja, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nikajaribu tena kwenda, na tena gari likanguruma bila kwenda, nami nikakanyaga breki mara hiyo hiyo. Hapo watu waliotoka ferini kwa miguu, waliofunga tangu alfajiri na wenye haraka zao, wakaja wakalisukuma gari mpaka juu. Ni wale wale ambao kila asubuhi niliwapita nikiwangurumia masikioni. Na yule hamali alipojitoa pale alipobanwa, aliuegesha mkokoteni wake kando na yeye pia akaja akasukuma.

Tulipofika juu alikuja dirishani. Mama yangu akamwambia, "Tuwie radhi, mwanangu." Akajibu, "Hapana neno, mama." Kisha akanitazama mimi akasema kwa upole, "Bwana, gari lako lina nguvu ya kulia. Ya kusimama umeiweka wapi?" Nikatia mkono mfukoni nimpe chochote. Alikwisha kwenda zake.

Fundi wangu ni mtu mzima, gereji yake ni uani kwake chini ya mwembe, na ana tabia ya kutosema kitu mpaka amalize kutazama. Alivuta breki ya mkono, akahesabu milio. Akafungua gurudumu la nyuma akanionyesha viatu vilivyoshikana na kutu. Siku ya pili akalishusha sanduku la gia, akatoa sahani ya klachi akaniwekea mkononi. Ilikuwa imelika mpaka kwenye ribiti. "Hii breki," akasema, "ungeniletea mapema, ningeikaza nusu saa, na ungenipa pesa ya kahawa tu ukipenda. Ukaiacha, ikala klachi. Na klachi, mwanangu, ilikuwa inataka kula mtu."

Sikuwa na pesa za kulipia kazi ile. Nikauza bomba la moshi na rimu. Kijana aliyevinunua nilimwuliza breki yake ya mkono hushika mlio wa ngapi, akacheka akidhani ni mzaha.

Tangu hapo nimejifunza kulitunza gari kwa utaratibu, na mengi niliyojifunza si ya gharama, ni ya kukumbuka tu. Asubuhi kabla ya kuliwasha hutazama mafuta ya injini na maji, kwani injini inayokwenda mizunguko mingi haina msamaha kwa mtu aliyeiacha na mafuta pungufu. Siwachi mguu juu ya klachi wakati siutumii. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili hata kama yaonekana mazima, kwa sababu yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Yakiwa na maji ndani na breki ikapata moto, maji huchemka na mguu huzama bila kushika. Upo na mkanda wa injini, ule unaoendesha valvu. Huu hubadilishwa kila kilomita 100,000, na mwenye kununua gari lililotumika asiiamini ile hesabu aliyoikuta kwenye saa, aubadilishe kwanza kisha aanze kuhesabu yeye. Fundi alinieleza kuwa mkanda ule ukikatika injini ikiwa katika mwendo, valvu hugongana na pistoni, na hapo husemi tena habari ya kutengeneza, wasema habari ya injini nyingine. Nilipomwuliza wangu ulibadilishwa lini na yule wa kwanza, tulitazamana tu. Tukaubadilisha.

Lakini nyumbani nilisema nini? Nilisema, "Klachi ilikatika ghafla." Mke wangu akamshukuru Mungu, akanionea huruma. Mama hakusema kitu. Neno lile "ghafla" nililikariri kwa kila aliyeniuliza, hata nikakaribia kuliamini.

Jumapili ya tarehe 29 Septemba, 2019, gari moja liliteleza kurudi nyuma kutoka kwenye feri pale pale Likoni likaingia baharini, na ndani yake mlikuwa na mama na bintiye mdogo. Mombasa nzima ilisimama. Hawakutolewa mpaka tarehe 11 Oktoba. Mimi sisemi juu ya sababu ya msiba ule, si kazi yangu. Nasema tu kwamba siku zile zote sikulala. Kila nikifumba macho nilikuwa katika gari langu, mama yangu mbele na mtoto nyuma, nami navuta mkono wa breki usioshika.

Usiku mmoja nilikwenda chumbani kwa mama nikakaa chini karibu na kitanda chake. Nikamwambia kuwa ile klachi haikukatika ghafla. Nikamwambia kwamba breki ilikuwa mbovu miezi mitatu nami najua, na kwamba siku ile nilimpakia yeye na mjukuu wake nikijua. Nilitaraji atalia, au atanilaumu.

Akasema, "Nilijua, mwanangu. Si mimi niliyekaa kando yake? Kila ukiivuta naiona yaja juu kama kamba ya ndoo kisimani, yaja na haina kitu."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningesemaje na ule mngurumo?"

Gari lile ninalo mpaka leo. Lina bomba lake la asili, na vijana wa barazani wamerudi kuniita kwa jina langu. Sijawa walii, asubuhi nyingine, baada ya sala ya alfajiri, barabara ya kwenda Ukunda ikiwa tupu, huipandisha injini mara moja mpaka pale sauti inapobadilika, kisha huishusha. Mama bado hukaa mbele. Tukifika kwenye mwinuko wa feri nikavuta breki ya mkono, huinamisha kichwa kusikiliza, naye huhesabu polepole kwa vidole juu ya buibui lake.

"Sita," husema, kisha hugeuka kutazama bahari.