Theluji ya Unga

Kila majira ya baridi, upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, hujitwika mvuke, kisha huutua mzigo huo juu ya kisiwa cha Hokkaido, nao huwa theluji nyepesi mithili ya unga uliochekechwa. Katika miteremko ya Niseko, mkabala wa mlima Yotei wenye mita 1,898, marafiki watatu wanaoteleza kwa skii huzama hadi magotini.

Kwenye theluji ngumu walizoea kuuelemea mguu wa nje wa kila kona. Humu mguu huo huzama, na ajitutumuaye ndiye aangukaye. Sharti uzito ugawiwe miguu yote miwili, magoti yakunjwe na kukunjuliwa kwa mapigo sawa, kama mizani ya shairi. Kosa la jana huwa mwalimu wa leo.

Lakini ufundi pekee hautoshi. Penye mashina ya miti hujificha mashimo ya theluji laini; atumbukiaye kichwa chini ni nadra kujinasua, na pumzi humwishia upesi. Ndiyo maana atanguliaye husimama, akageuka, akawahesabu wenzake. Kujua kuteleza ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni kujua kungojana.