Samaki Wasio na Damu Nyekundu

Kila mama apasuaye samaki jikoni huona damu vidoleni mwake. Twende leo mbali, kusini mwa Bahari ya Atlantiki, tukaone samaki ambao damu yao ni kama maji.

Kisiwa cha South Georgia kina milima mirefu ya theluji, na barafu ishukayo mpaka pwani. Huko Grytviken Wanorwe waliweka kituo cha kuwinda nyangumi mwaka 1904, na mitambo yao ingalipo, imeliwa na kutu. Wawindaji hao walisimulia habari za samaki asiye na damu; wataalamu wakadhani ni hadithi tu. Lakini mwaka 1927 Mnorwe Ditlef Rustad alimvua mmoja karibu na kisiwa cha Bouvet. Na mwaka 1954 Johan Ruud, aliyewachunguza samaki wa South Georgia, akatangaza kwamba damu yao haina zile chembe nyekundu zichukuazo oksijeni.

Basi, wanaishije? Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Tena moyo wa samaki huyu ni mkubwa na mishipa yake ni mipana. Damu hiyo nyepesi hupita kwa wingi, ikibeba oksijeni iliyoyeyuka ndani yake.

Kusini zaidi, katika ghuba ya McMurdo, maji ya chumvi hufikia digri 1.9 chini ya sifuri. Damu ya samaki wa bahari za joto ingeganda hapo. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Arthur DeVries aligundua kwamba damu ya samaki wa huko ina protini inayonata juu ya kila punje ya barafu na kuizuia isikue. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba jeni ya protini hiyo ilitokana na jeni ya kale ya kusaga chakula tumboni. Bahari ilipokuwa ikipoa kwa mamilioni ya miaka, waliokuwa na kinga hiyo walisalimika, wakazaa. Nayo ikarithiwa kizazi kwa kizazi.

Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama yake. Baadhi ya samaki wa McMurdo hufa maji yakifikia digri 6 tu. Maji yakipata joto, oksijeni hupungua, na aliyekwisha kupoteza chembe nyekundu hawezi kuzirudisha. Nayo maji ya South Georgia yamepata joto tangu siku za wawindaji wale. Samaki wa nchi nyingine huweza kuhamia penye baridi zaidi. Samaki hawa wakielekea kusini, mwishowe hukuta bara la barafu mbele yao, wala hakuna bahari nyingine nyuma yake.