Nilivyomlaza mlinzi wangu mwenyewe

Huku Singida upepo kama kawa, na mimi bado na projekti yangu ya mama zetu wauza mafuta ya alizeti. Kila mama anaweka linki ya video ya YouTube, ukurasa unaionyesha. Angular ikagoma: eti anwani si salama. Kugugo, nikakuta bypassSecurityTrustResourceUrl, nikabandika. Video ikacheza! Nikatamba bweni zima.

Rumeti akaomba kujaribu. Badala ya linki akaandika javascript: na vijineno vyake. Nafungua ukurasa, kidirisha kikaruka kikiwa na jina langu la kuingilia. Kijasho! Angekuwa mwizi, angefanya chochote kwa akaunti za mama walioniamini. Angular ilikuwa inanilinda, mi nikaiambia ikalale.

Sasa siombi linki nzima. Naomba kitambulisho cha video tu, zile herufi 11, nazikagua, halafu anwani ya https naijenga mwenyewe. Hapo ndo naiambia Angular iamini.

Nyie mnaosubiri kuprezenti, chekini templeti zenu mapema. Haya, naenda kufua!