Gari Si Bi Arusi

Kuna homa ambayo huwapata watu pindi wanunuapo gari lao la kwanza la kuendea nje ya lami. Homa hii haina dawa hospitalini. Mgonjwa hulala akiota taa za ziada, huamka akizungumzia keria, na kabla ya adhuhuri utamkuta kwa fundi akiuliza bei ya bulbaa. Gari halijakanyaga hata dimbwi moja la maji, lakini tayari linarembwa kama bi arusi usiku wa kupambwa.

Homa hiyo ilibisha hodi nyumbani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, mwaka 2023. Sisi ndugu watatu tulikuwa tumechangishana kwa miaka miwili, tukanunua Prado ya mwaka 2016 iliyotumika Japani na kuteremshwa katika bandari ya Kilindini. Hatukuinunua kwa fahari. Mama yetu anaishi shambani huko Magarini, kupita Malindi, mahali ambapo lami huishia mbali sana na mlango wake. Ana kisukari na shinikizo la damu, na kliniki yake iko Malindi mjini. Masika yakiingia, madereva wa teksi hukataa kwenda kumchukua. Hubaki pikipiki. Na mama wa miaka 74 kupakiwa juu ya pikipiki kwenye utelezi ni jambo ambalo hakuna mtoto apendaye kulishuhudia mara mbili.

Baada ya kulipa ushuru na bima, tulibakiwa na Sh80,000 za kununulia vifaa vya gari. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Prado bila bulbaa ni jogoo asiye na mkia," alisema kaka yangu mkubwa. Mdogo wetu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo, yeye alitaka keria na taa nne za juu. Nikawauliza swali moja tu: katika vitu hivyo, ni kipi kitakachomfikisha Mama kliniki?

Kaka akacheka. "Dada, wewe andika magazeti. Magari tuachie sisi."

Sikumjibu. Kazi yangu ni kuuliza, basi siku ya pili yake nilikwenda na gari hadi kwa fundi mmoja mzee karibu na Mwembe Tayari. Baada ya shikamoo na marahaba, nilitazamia kwamba angefungua boneti. Hakufungua. Alichuchumaa nyuma ya gari, akapangusa vumbi kwenye tairi la akiba na kunionyesha tarakimu nne zilizopigwa chapa ubavuni: 2316.

"Soma, mwanangu. Hii ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi hili halijatumika, lakini limezeeka. Mpira hukauka na kupasuka hata ukikaa tu. Manne ya chini ni machanga, hili halifai."

Msomaji, hilo ni somo la kwanza, nalo halina gharama. Kila tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa. Magari mengi yaliyotumika huja na tairi la akiba lenye umri sawa na gari lenyewe, na mwenye gari huligundua siku anapolihitaji gizani.

Somo la pili lilihusu upepo. Kwenye lami, tairi la gari kama letu hujazwa upepo wa kiasi cha paundi 30 na ushei. Kwenye mchanga mzito, ukiupunguza hadi kiasi cha paundi 18, tairi hulegea na kujinyoosha, sehemu inayogusa ardhi huwa ndefu zaidi, na uzito wa gari husambaa. Ndiyo siri ya unyayo wa ngamia, ambao ni mpana na laini, kwa hiyo hauzami. Lakini mwenye kupunguza upepo sharti aende polepole, asikate kona kwa ghafla, na aujaze tena kabla ya kurudi lamini, kwani tairi lililolegea likienda kasi hupata moto na kupasuka. Kwa hiyo kifaa cha kwanza si bulbaa. Ni geji ya kupimia upepo, na pampu ndogo inayotumia umeme wa betri ya gari.

Somo la tatu lilikuwa kamba. Fundi alinishauri ninunue kamba pana ya nailoni iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvutia magari, kwa sababu nailoni hunyumbuka na kupunguza mshtuko, ilhali mnyororo haunyumbuki. Kisha akatoa onyo ambalo ningependa kila mzazi alikate na kulibandika ukutani: kamba isifungwe kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kuvutia tela. Kikikatika huruka kama risasi, na wako waliopoteza maisha kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali. Kamba hufungwa kwenye kulabu imara iliyoungwa na chasisi, na watu wote, hasa watoto, husimama mbali kabisa.

Niliporudi nyumbani, mjadala uliendelea barazani. Mdogo wangu alileta mfano wa Rhino Charge, mashindano yanayofanyika hapa Kenya tangu mwaka 1989, akasema magari ya kule yana winchi na mapambo ya kila namna. Ni kweli. Lakini madereva wa kule hutakiwa kufikia vituo 13 kwa saa 10 kwa kupita njia iliyo fupi kuliko zote, hata kama ni mawe na makorongo. Vifaa vyao vinalingana na kazi yao. Sisi kazi yetu ni mgonjwa mmoja na njia moja ya shamba.

Isitoshe, mji wetu wenyewe una hoja yake. Mitaa kama Ndia Kuu haikutengenezwa kwa ajili ya magari mapana. Roshani za mbao zimening'inia juu ya njia, na keria iliyojaa mizigo inaweza kuzikwaruza. Tena mzigo wa juu hulifanya gari kuwa jepesi kupinduka. Chini, watoto hutoka vichochoroni wakifukuza mpira. Bampa ya kawaida hubonyea inapogonga, lakini bulbaa ya chuma haibonyei. Kinachobonyea ni mwili wa binadamu. Niliposema hayo, kaka alinyamaza. Yeye ana watoto wawili wanaocheza mtaa huo huo.

Tukakubaliana. Tulinunua tairi moja jipya la kipimo kile kile, geji na pampu, kamba na pingu zake, beleshi, vibao viwili vya kutandika chini ya matairi, kizima moto, kisanduku cha huduma ya kwanza na laifseva. Fedha zilizobaki tuliwekea mafuta.

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata, Mama alipigiwa simu afike kliniki. Mvua ilikuwa imesomba mchanga na kuurundika njiani, na gari likazama hadi karibu na ekseli. Kaka hakukanyaga mafuta kwa hasira. Alishuka, akachimba mbele ya matairi kwa beleshi, akapunguza upepo, akatandika vibao. Gari likatoka polepole. Mama alikuwa kiti cha nyuma na tasbihi yake, akiuliza kama kuna mtu mwenye njaa. Tulifika Malindi kliniki ikiwa bado haijafungwa.

Manahodha wa Bandari ya Kale wanalijua jambo hili tangu zamani. Kabla ya rangi na bendera, jahazi hutafutiwa nanga, amari na kata ya kufulia maji. Familia inayonunua gari leo na ifuate utaratibu huo: kwanza kitakachowaokoa, kisha kitakachowasaidia, mwisho kitakachowapendeza. Na vifaa vikishanunuliwa, msivifungie ndani ya gari. Nendeni mahali wazi siku ya Jumapili, kila mwenye kuendesha, mke kwa mume, ajifunze kubadilisha gurudumu na kupima upepo. Mkitoka ufuoni au penye maji ya chumvi, oshe mtu gari chini kwa maji matamu, maana chumvi hula chuma kimyakimya.

Kaka bado anaitaka bulbaa yake. Tumemwambia asubiri.