Loshoro Katika Nyumba ya Duka

Habari ilinifikia mwezi wa Juni. Mdogo wangu wa kike, ambaye kwa miaka 11 amewalisha wachuuzi na mafundi karibu na soko la Kilombero mjini Arusha, alikuwa amepata nyumba. "Dada," aliniambia kwa simu, "ni nyumba ya zamani, ya duka la Wahindi, katikati ya mji. Ina baraza na ua. Njoo uitazame kabla sijatoa fedha."

Anayejua maisha ya mama lishe hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Miaka 11 chini ya turubai ni miaka 11 ya kukimbia na sufuria kila mvua inyeshapo. Lakini fedha aliyokuwa nayo ilikuwa nusu tu ya iliyohitajika. Nusu ya pili ilikuwa ikitembea kwa miguu minne huko Ngare Nanyuki, katika zizi la baba mkwe wake: ng'ombe watatu, mali ya shemeji yangu, ambao wasingeuzwa bila mzee kuridhia. Na mzee hakuwa ameridhia. Hakukataa pia. Alisema tu kwamba nyumba za kale za mji ule zina wenyewe, kisha akanyamaza.

Nikafunga safari.

Arusha ya mwezi wa Juni siyo ile ya kwenye picha za watalii. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ulijifunika mawingu siku zote nilizokuwapo, na watu walipita barabarani wamejitanda mashuka na makoti. Mzee aliteremka mjini kuja kunisalimu. Nilimwamkia, akaitikia, akanywa chai, na asubuhi ya pili akasema: "Mwanangu, kabla hujaitazama nyumba ya mdogo wako, nitakuonyesha nyumba nyingine."

Kutoka Mnara wa Saa tukaifuata Barabara ya Boma, polepole kwa ajili ya magoti yake, hadi tukalifikia Boma lenyewe. Kuta zake ni nyeupe na nene, nazo zimeuzunguka ua mpana. Tangu mwaka 1987 jengo hilo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na watoto wa shule huingia humo kwa mistari wakajifunze asili ya binadamu. Mjengaji wake ni Mjerumani, kati ya mwaka 1899 na 1900. Hivyo ndivyo vitabu husema, kana kwamba Mjerumani alichanganya chokaa kwa mikono yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akheri, upande wa Meru. Kapteni Johannes akatoka Moshi na jeshi lake. Nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na watu wengi wakafa. Mwezi Machi mwaka 1900 Mangi Meli alinyongwa Moshi pamoja na viongozi wenzake, wakiwamo wa Meru na Arusha. Boma hili likajengwa kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kubeba mawe na chokaa, kiboko kikiwa nyuma yao. Luteni Küster, aliyetawala hapo mwanzoni, wenyeji walimwita Bwana Fisi.

Babu wa mzee wetu alikuwa mmoja wa wabebaji. "Hakunieleza kamwe uzito wa jiwe," alisema mzee, mkono wake ukiwa juu ya ukuta. "Alinieleza urefu wa njia."

Kisha akanipa kisa kingine. Katika miaka ya 2000 bustani ya Boma ilikuwa na mkahawa uliopendwa sana na vijana na wageni. Mwanawe mkubwa, baada ya kupata mshahara wake wa kwanza, alimkaribisha huko. Wakakaa chini ya miti, soda ikaletwa, na mzee asiweze kuinywa. "Sikuwa na hasira," alisema. "Kijana alinifanyia heshima. Koo ndilo lililokataa."

Nitakiri kwamba mimi ningeinywa soda hiyo. Naamini ukuta wenye watu wanaocheka chini yake una afya kuliko ukuta wenye popo, na nyumba isiyofuka moshi haikawii kuanguka. Nyumba hubadilishiwa kazi, nasi tumezoea. Kule Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mikutano na burudani za wakazi ndio uliopokea kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU mwezi Januari 1967, na tangu mwaka 1977 ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Zanzibar, klabu ya Waingereza iliyojengwa mwaka 1888 sasa ni hoteli, na mtu yeyote mwenye nauli ya kikombe cha kahawa aweza kuketi barazani akitazama jua likizama. Lakini mimi si mjukuu wa mbebaji wa mawe, na koo la mtu halifundishwi kwa hoja.

Jioni ile tukaenda kuitazama nyumba ya duka. Mzee alifika barazani, akaegemea nguzo, asiingie ndani.

Ni nyumba ya ghorofa moja chini na moja juu, yenye milango ya mbao inayokunjwa na baraza ambayo, kama baraza zote za maduka ya namna ile, iliwahi kuwa na mafundi wa cherehani. Mwenye nyumba ni bibi wa Kihindi, mjukuu wa aliyeijenga, naye alizaliwa katika chumba cha nyuma. Mwaka 1971, Serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kumkabidhi Msajili wa Majumba, yao iliachwa. "Baba alifurahi kwa mara ya kwanza kuambiwa kwamba nyumba yake ni duni," alisema bibi huyo.

Fundi tuliyekwenda naye, mtu wa maneno machache, aligonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari agongavyo kifua. Kuta zile ni za mawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: maji yakiingia hupata njia ya kutoka. Mpangaji fulani wa miaka ya nyuma aliona lipu imechakaa akapaka saruji. Saruji ikafunga pumzi, unyevu ukabaki ndani, na sasa lipu mpya ilikuwa ikidondoka vipande vikubwa kuliko ile ya kale iliyo juu yake. Ilibidi saruji yote ibanduliwe, chokaa irudishwe. Boriti mbili za upande wa nyuma zilikuwa zimeliwa na mchwa hadi fundi akaingiza kidole chake chote. Jiko lisiwe ndani, alisema. Lijengwe uani, na dohani yake ipande kuupita mgongo wa paa, la sivyo sakafu ya mbao ya ghorofani itakauka kwa moto na siku moja itashika. Bwana afya naye angetaka sinki, sakafu inayooshwa na choo cha wateja.

Mdogo wangu alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika vidole vya mkono wa pili aliketi juu ya ngazi.

Jambo lililonitia hofu zaidi halikuwa mchwa. Twamjua mama mmoja, katika mji ambao sitautaja, aliyepanga jengo la kale, akalitengeneza kwa akiba yake yote, na mwaka wa pili akaambiwa kodi imepanda mara tatu kwa sababu nyumba sasa ni nzuri. Hakuwa na karatasi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 isingemsaidia yeye wala nyumba yenyewe, maana hulinda moja kwa moja yale yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye husubiri tangazo la Waziri. Boma la Arusha lenyewe ni changa kwa hesabu hiyo, sembuse duka la nguo. Nyumba kama hizi hazina mlinzi ila yule anayezitumia. Kwa hiyo nilimwambia mdogo wangu asitoe hata senti kabla ya mkataba wa miaka mitano, ulioandikwa mbele ya wakili, wenye kifungu kwamba gharama za matengenezo zitapunguzwa katika kodi. Bibi alikubali upesi kuliko nilivyotazamia. Alisema amechoka kusikia mchwa usiku.

Zikabaki ng'ombe.

Jumapili tulimsindikiza mzee kwake. Barabara huacha njia kuu ya Moshi pale Usa River, ikapanda na kupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako twiga waliinua shingo kutazama basi letu. Pande hizi nyumba nyingi za walowezi zimekuwa hoteli. Huko Momella, ambako filamu ya "Hatari!" ilipigwa kabla ya kutolewa mwaka 1962, shamba la mchezaji wake Mjerumani, Hardy Krüger, limekuwa mahali pa kulala wageni. Tuliingia katika mojawapo ya hoteli za njiani kunywa chai. Bustani ilipendeza, sitaficha. Nilimwuliza mhudumu kama kuna loshoro. Alitabasamu kama mtu aliyeulizwa habari za mama yake, akasema haimo katika orodha. Kahawa ilikuwamo, ya mlima ule ule, kwa bei ambayo Kilombero ingelisha watu watatu mchana.

Mzee alikunywa chai yake yote. Baadaye, tulipoketi nje ya nyumba yake, ndipo alipofungua kinywa.

Alikuwa na umri wa miaka saba mwaka 1951, Serikali ya Kiingereza ilipowafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi ile ya Ngare Nanyuki ili walowezi wapate malisho. Wasomaji wengi wanamjua Kirilo Japhet, aliyefika Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwatetea. Wachache wanajua kwamba usiku wa kwanza kulikuwa na baridi. Baba wa mzee alimshika mwanawe mkono, wakatembea hadi mjini, wakasimama katika baraza ya duka la nguo, akaomba blanketi kwa mkopo. Mwenye duka hakuwajua. Alitoa blanketi, akaandika jina katika daftari, na baba akaahidi kulipa kahawa itakapovunwa. Hakukuwa na kahawa tena, wala shamba. Tangu siku ile baba hakuipita baraza ile. Alizunguka mtaa wa pili.

"Ndiyo ile ile," alisema mzee. "Niliijua nguzo."

Ng'ombe waliuzwa wiki iliyofuata.

Mdogo wangu alifungua mwezi wa Novemba, chokaa ikiwa bado inanuka. Ubao wa nje umeandikwa kwa chaki: makande, ndizi nyama, loshoro, chai ya maziwa. Bei alizipandisha kidogo kuliko za turubai, na wachuuzi wake wa Kilombero walikuja wakiwa wamevaa mashati safi, wakaketi wima kama wako kanisani mpaka wa kwanza alipocheka. Bibi mwenye nyumba alishuka akapewa kiti barazani. Mzee alifika saa sita, na kofia yake ya sufi, akasimama kwanza mbele ya bibi huyo, akamweleza habari za blanketi kwa Kiswahili cha taratibu na kumwuliza deni lilikuwa kiasi gani.

Bibi alifikiri kwa muda. "Daftari la babu lililiwa na mchwa, mzee wangu," alisema. "Lote."

Mzee akaingia ndani, akaketi mezani karibu na ukuta, akala loshoro bakuli mbili. Mkwewe alipokuja kutoa vyombo, alikuta fedha kamili imewekwa chini ya kijiko. Akairudisha kwa mikono miwili, akisema baba hawezi kulipa kwa mwanawe. Mzee akaisukuma tena. "Nyumba hii," alisema, "sikopi mara ya pili."