Mjomba Hakuwa na Dira

Dira yangu ni ya shaba, nzito kuliko inavyoonekana, na kifuniko chake hufunguka ukibonyeza kitufe cha pembeni. Juu yake pamechongwa jina la watengenezaji wa London na mwaka 1885. Ndani ya kifuniko kuna shairi zima la Mmarekani Robert Frost, kwa herufi ndogo zinazodai miwani. Nilikaa nayo muda mrefu kabla ya kupiga hesabu. Frost alizaliwa 1874, na shairi lile lilitoka jaridani mwaka 1915. Basi aliyeichonga dira hii aliwahi kulisoma miaka 30 kabla halijachapishwa, mtunzi mwenyewe akiwa mtoto wa miaka 11.

Sikuinunua London. Niliinunua Diani, kwenye duka la vinyago kando ya ile barabara ya mahoteli, kati ya twiga wa mbao na vikoi vilivyokunjwa. Nyingi za aina hii hutoka India, na mji unaotajwa sana ni Roorkee, wenye chuo cha uhandisi tangu 1847 na mafundi wa vifaa vya kupimia ardhi. Ni watu wanaojua kazi yao. Wanatengeneza kinachoulizwa, na kinachoulizwa siku hizi ni ukale.

Tatizo ni sindano. Sumaku ya dunia haivuti kwa ulalo tu, huvuta pia kwenda chini. Kaskazini ya ikweta ya sumaku, ncha ya sindano inayotazama kaskazini ndiyo huinama. Kusini yake huinama ile nyingine. Ikweta hiyo hupita Ethiopia na ncha ya kusini ya India, kwa hiyo Roorkee iko upande mmoja na kwetu Kwale upande wa pili. Sindano iliyosawazishwa kule ikae sawa, huku kwetu huangusha mkia. Yangu hukwaruza uso wa dira na kukwama popote inapopenda. Ukitaka ikuambie ukweli lazima uiinamishe kidogo, uigongegonge kwa ukucha, uvute subira. Halafu uiondoe karibu na spika ya redio.

Ijumaa naisugua kwa ndimu na majivu, kama mama zetu walivyosugua madele ya kahawa. Vidole hubaki na harufu ya shaba mpaka chakula cha mchana.

Mjomba wangu wa Msambweni, ndugu yake mama, alivua maisha yake yote kwa ngalawa wala hakuwahi kumiliki dira. Alfajiri alishuka pwani na umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, ukamsukuma nje bila kelele. Alasiri upepo wa bahari ukamrudisha. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, alitoka nje ya mwamba. Kusi likishika alibaki ndani, kwenye maji ya kina kifupi, akilalamika kila siku.

Siku moja nilimwuliza kwa nini hana dira, maana shuleni tulikuwa tumechorewa moja ubaoni. Akanitazama kama niliyemwuliza kwa nini hana farasi. "Dira ya nini, mwanangu? Nchi naiona."

Na kweli aliiona, lakini si kama nilivyoiona mimi. Mimi niliona minazi na vilima. Yeye alikuwa na alama. Kilima cha Jombo kule nyuma, kimesimama peke yake kikionekana mbali baharini, kikipandana na mnazi fulani uliopinda ufuoni, huo ni mstari mmoja. Geuza uso kaskazini, ncha fulani ya Shimba ipandane na rasi fulani, huo ni wa pili. Mistari ikikutana, chini yako kuna jiwe, na kwenye jiwe kuna tewa. Ukikosea kidogo tu utashusha mshipi kwenye mchanga mtupu ushinde na njaa. Alama za namna hiyo alikuwa nazo nyingi, nyingine za kulenga mlango wa mwamba wakati wa kurudi, nyingine za usiku kwa taa za watu, na hakuna hata moja iliyoandikwa mahali.

Nchi kavu hali kadhalika. Sisi wa pwani ya kusini tumebahatika kwa jambo moja ambalo hatulitaji sana: Makka iko karibu kaskazini yetu kabisa. Msambweni iko kwenye longitudo 39.5 Mashariki, Makka 39.8. Maana yake kila mihrabu, kuanzia ule msikiti wa kale wa Kongo penye mdomo wa mto Mwachema mpaka msikiti wa makuti wa kijijini, inaonyesha kaskazini bora kuliko shaba yangu. Makaburi nayo yamelala mashariki na magharibi. Mtoto aliyekulia hapa hana njia ya kupotea, isipokuwa ajitahidi.

Dira zilikuwa za manahodha wa majahazi, waliovuka kutoka Ghuba na Arabuni na kaskazi na kurudi na kusi. Hao walizihitaji. Ile nyota ya kaskazini waliyoipimia safari, Waarabu wakiiita Jah, huzidi kushuka kadiri unavyokuja kusini, na ukishavuka ikweta imezama. Huku Msambweni haionekani kamwe. Ibn Majid, bingwa wao wa karne ya 15, alitunga utenzi mzima juu ya njia ya kwenda Sofala, na anayeisafiri njia ile hana budi kushika nyota nyingine. Uso wa dira yao uligawanywa mara 32 na kila sehemu ikapewa jina la nyota inapochomoza au kutua. Hicho kilikuwa chombo cha kazi, kilichokaa sandukuni karibu na usukani. Sidhani kuna aliyekisugua kwa ndimu.

Dira ya kwanza iliyonitia tamaa niliiona hotelini. Nilipata kazi ya mapokezi Diani, enzi ambazo watalii waliteremka kwa mabasi, kabla ya ghasia za Agosti 1997 za Likoni kuwafukuza na milango kuanza kufungwa mmoja mmoja. Ukumbi ule ulipambwa kwa vitu vya baharini: usukani wa jahazi ukutani, nanga yenye kutu iliyopakwa varnishi, na dema, zile zile tulizotegea tafi, zimepinduliwa juu chini na kutiwa balbu. Juu ya meza ya mapokezi palikuwa na dira ya shaba. Wageni waliishika wakati wa kusubiri funguo, wakaizungusha, wakauliza kaskazini ni wapi. Mimi niliwaonyesha kwa mkono, bila kuitazama. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Kwetu Udigoni, kabla sheria ya Kiislamu haijatawala mirathi, mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Desturi hiyo imekwisha kwa mashamba na minazi, ila kwa mambo mengine bado ina harufu yake. Mjomba alitegemea nimrithi alama. Alinipakia ngalawani shule zilipofungwa, akanionyesha, nami nikaitikia huku nawaza mechi ya mpira. Baadaye nilikuwa na zamu hotelini, na zamu za hoteli hazijui bamvua. Alipofariki alizikwa na ramani yake. Hata ningezikumbuka zote zisingenifaa: mnazi uliopinda umekatwa, ufuo umejengwa kuta za nyumba za likizo, na usiku mwanga wa Diani umemeza taa ndogo zilizokuwa na maana.

Sitaki kusema vijana wa sasa wamepungukiwa. Mtoto wa binamu yangu anavua kwa boti ya mashini kutoka Gazi. Jiwe lake analo kwenye simu, analikuta hata mvua ikiwa imefuta nchi yote, siku ambayo mjomba angerudi mikono mitupu au asirudi. Na simu hiyo haonyeshi mtu, kama mjomba alivyokuwa akizunguka makusudi ili asifuatwe. Kinachonichekesha ni sisi wa nchi kavu. Nimemwona kijana mwenye kanzu safi, hatua chache kutoka ukuta wa msikiti, akichora namba nane hewani kwa simu ili dira yake ya kibla itulie.

Mpwa wangu anaishi Ukunda, anapiga picha za harusi ufuoni. Juzi aliazima dira yangu akamshikisha bwana harusi, kifuniko wazi, macho kwenye upeo wa bahari. Nakiri picha ilipendeza. Kwenye picha bwana harusi anatazama mashariki, na sindano inamhakikishia kuwa ni kaskazini. Aliponirudishia aliipangusa kwanza kwa shati lake.

"Mjomba, hii si utaniachia mimi?"

"Ichukue leo."

"Aa, ikae kwako tu. Kwangu itapotea."