Darasa la Shuruti

Mtu aliyefundisha kwa miaka 38 hawezi kusikia neno darasa akalipita hivi hivi. Mwaka 2017 dada yangu alinipigia simu akilia kwamba mwanawe, aliye California, amekamatwa akiendesha gari hali amelewa, na kwamba baada ya faini amepelekwa shule. Dada alikuwa akililia lile la kwanza. Mimi nilibaki na hilo la pili. Ni shule gani hiyo ambayo hakimu anampeleka mtu mzima wa miaka 34, fundi umeme, mwenye mke na watoto wawili?

Nikaja kufahamu kuwa si jambo geni huko. Darasa la namna hiyo lilianza katika mji wa Phoenix, Arizona, mwaka 1966, na majimbo mengine yakaiga. Huko California mkosaji wa mara ya kwanza husoma saa 30 katika miezi 3. Akiwa amekutwa na kilevi cha 0.20 au zaidi katika damu, husoma miezi 9. Anayerudia kosa husoma miezi 18. Ada anatoa mfukoni mwake, na asipomaliza hapati leseni yake.

Sasa sisi walimu tunaijua shuruti. Mimi nilikuwa kijana darasani baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, tulipoambiwa kila mtoto wa rika la shule aingie shule, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaja kulitia jambo hilo muhuri. Niliwaona watoto walioletwa na mgambo. Mwili uliletwa, akili ilibaki machungani na mbuzi. Lakini niliona pia kwamba baadhi yao, kwa kukaa tu pale siku baada ya siku, walikuja kushika jambo moja, na hilo moja likavuta la pili. Kwa hiyo wanaosema kuwa mtu hafundishiki kwa nguvu, nawaomba wangoje kidogo.

Nilimpigia mpwa wangu simu nikamtaka anieleze lile darasa, si kosa lake. Nadhani alifurahi kuulizwa hivyo.

"Mjomba," akaniambia, "wiki ya kwanza tulikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alionewa na polisi. Hakuna mlevi hata mmoja mle ndani."

Mwalimu wao, mama wa makamo, hakubishana nao. Aliwapa kila mtu kikaratasi aandike ni mara ngapi aliendesha akiwa amekunywa kabla ya kukamatwa. Mpwa wangu akaandika: moja. Vikaratasi vikakusanywa, wala havikusomwa. Wiki ya sita akawagawia tena vipya, swali lile lile. "Safari hii nilikaa na kalamu, mjomba. Nikaandika kwamba siwezi kuhesabu."

Nimewahi kukagua masomo mengi ya walimu wanafunzi pale chuoni, na mara nyingi niliwaandikia: unasema mno. Mama yule ningempa alama ya juu kabisa.

Kilichonishangaza zaidi ni hesabu. Mwili, kwa wastani, huondoa kilevi kiasi cha 0.015 kwa saa, na kahawa au maji baridi hayauharakishi. Fanya hesabu hiyo, msomaji. Mtu aliyeondoka baa usiku wa manane akiwa na 0.15, saa kumi na moja alfajiri bado ana 0.075, ambayo iko chini kidogo tu ya kikomo cha 0.08 cha sheria ya huko. Saa moja asubuhi, amekwisha kuoga, amevaa tai, bado ana 0.045. Damu yake haitakuwa safi mpaka saa nne. Ni wangapi kati yetu hupanda gari la mtu wa namna hiyo kwenda kanisani au shambani, tukisema kwamba amelala, pombe imemtoka?

Je, madarasa haya yanafaa? Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walijumlisha tathmini 215 wakaona kwamba waliosomeshwa au kupewa ushauri walirudia kosa pungufu kwa asilimia 7 hadi 9 kuliko ambao hawakupewa. Matokeo yalikuwa bora pale somo lilipoambatana na ushauri na kufuatiliwa baadaye. Mwenzangu mmoja, mhasibu mstaafu, aliposikia namba hiyo alicheka. Lakini yeye hakuwahi kuwa na darasa la watoto 45. Ukiniambia kwamba kwa njia fulani ya kufundisha nitaokoa watatu au wanne zaidi katika darasa hilo, nitakuuliza chaki iko wapi.

Tena nina sababu yangu. Mwaka 1988 mwalimu wangu wa sayansi aligongwa na lori akiwa juu ya baiskeli, hatua chache kutoka lango la shule. Dereva alinuka gongo. Alilipa faini, na kabla mahindi hayajavunwa nilimwona tena kwenye usukani, barabara ile ile. Hakuwa mtu mkatili. Alinisalimia kwa heshima, shikamoo mwalimu. Nimewaza mara nyingi kwamba hakuna aliyempa kikaratasi wala kumkalisha chini na kumwuliza lolote. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamjua mtu huyo kwa faini, kifungo na leseni yake. Sisemi hayo yaondolewe. Nasema walimu tupo, wengine tumestaafu na hatuna kazi, na madawati ya shule huwa matupu jioni.

Mwaka 2019 mpwa wangu alikuja kwa kumbukumbu ya kifo cha baba yake. Usiku tulikaa mpaka saa saba, naye akanywa bia kama wenzake. Asubuhi, dada yangu alipompa ufunguo wa gari twende makaburini, aliutazama, akahesabu kwa vidole mbele ya mama yake, kisha akaurudisha mezani.

"Saa tano, mama. Kabla ya hapo, hapana."

Dada akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyemfundisha. Padre alikuwa anangoja. Tukaita bajaji, tukabanana watatu nyuma, dada akiwa amepakata maua.